Mfumo unasema nondo zipo 412, stoo tumehesabu 389. Hapa nani muongo?

Mzee_Hadiwea
Wakuu habari. Nina hadiwea maeneo ya Tabata, stoo iko mtaa wa pili kwa nyuma. Mwaka jana nikaachana na madaftari nikafunga mfumo, kompyuta kaunta, skana mbili, tableti moja stoo, vyote vinasomana kwa mtandao. Kijana akiuza kaunta, stoo inapungua hapohapo na mimi naona kwenye simu hata nikiwa msibani Moshi. Juu yake kamera nne. Nikajua kazi nimemaliza.

Sasa juzi tumefunga hesabu. Nondo 12 mm mfumo unasema 412, tumehesabu tukarudia, zipo 389. Pungufu 23. Hapo ningesema wameiba basi. Ila 10 mm mfumo unasema 260 na zipo 291, zimezidi 31! Mwizi gani anaiba huku anajaza kule? Saruji iko sawa. Rangi inasumbua kidogo. Jamaa aliyenifungia mfumo anasema kompyuta haikosei, nitafute mwizi. Mnaotumia hivi vitu naombeni mawazo.

kipanga_wa_buza
Vijana wako wanakula mkuu. Funga uzi.

Binti_Kaunta
Kipanga tulia kwanza. Mzee shikamoo, nondo hazina bakodi, mnaskani nini pale kaunta?

Mzee_Hadiwea
Marahaba. Tuliprinti karatasi tukaipiga lamineti tukabandika kaunta. Vitu visivyo na lebo vyote viko pale, nondo, waya wa kufungia, misumari ya kupima, mbao. Kijana anaskani kwenye karatasi halafu anaandika idadi.

Binti_Kaunta
Na 10 na 12 ziko wapi kwenye hiyo karatasi?

Mzee_Hadiwea
Zinafuatana. 8, 10, 12, 16, kila moja na mstari wake.

Binti_Kaunta
Jibu lako hilo hapo. Asubuhi mafundi wamejaa kaunta kila mmoja anapiga kelele, ile skana taa yake ni pana, ukiielekeza 12 ikashika 10 wala hutajua, inalia "piii" ileile unaendelea na maisha. Nimekaa kaunta ya supamaketi miaka, nakwambia hii ndo inaua hesabu kuliko wizi. Mteja anakuja na soda nane za ladha tofauti, we una haraka, unaskani moja unapiga mara nane, bei si ni ileile? Pesa inalingana, droo inafunga vizuri, ila mwisho wa mwezi chungwa zimepungua na nanasi zimezidi halafu meneja anawatukana watu wa stoo.

kipanga_wa_buza
Sawa dada ila jiulize, kwanini mkono uteleze upande mmoja tu? Ingekuwa bahati mbaya, leo ungeskani 10 badala ya 12, kesho 12 badala ya 10, mwisho zinafutana. Hapa kila siku kosa linaangukia kwenye nondo ya bei ndogo. Mteja analipa bei ya 12 taslimu, kijana anaskani 10, tofauti inaingia mfukoni, droo inalingana, na stoo inaonyesha hichohicho unachokiona wewe Mzee. Huu mchezo uko duniani kote.

Injinia_Uchwara
Wote mnamsumbua mzee wa watu. Mzee, nondo unanunua kwa kipande au kwa tani?

Mzee_Hadiwea
Kwa tani. Nauza kwa kipande.

Injinia_Uchwara
Nilijua. Na mfumo uliuambia tani moja ni vipande vingapi?

Mzee_Hadiwea
Jamaa wa mfumo aliweka 12 mm vipande 93 na 10 mm vipande 135. Kila mzigo ukija naingiza tani tu, yenyewe inabadilisha.

Injinia_Uchwara
Hizo ni namba za kitabuni. Nondo ya 12 mm ina gramu 888 kwa mita, mita 12 inakuja kilo 10.66, ukigawa tani unapata 93 na kidogo. Ya 10 mm ni gramu 617 kwa mita, kilo 7.4 kwa kipande, ndo hiyo 135. Sasa nenda mtaani ukapime. Zipo 10 mm zinazoitwa 10 ila zina kilo 7.1, ukipimiwa tani unapewa vipande 140 na ushee badala ya 135. Ukinunua tani sita za hivyo, zinazidi karibu vipande 35 bila mtu kugusa kitu. 31 yako imetoka kiwandani mzee, shemeji na wajomba hawahusiki.

Kachukue vipande kumi vya 10 mm uviweke kwenye mizani. Vikikosa kilo 74 kwa tofauti kubwa basi tatizo liko kwa aliyekuuzia, na usiniulize nyumba za wateja wako zimesimamaje.

kipanga_wa_buza
Injinia vizuri, umeeleza zilizozidi. Zile 23 za 12 mm zilizopungua nazo zimetoka kiwandani? Kama nondo ni nyembamba basi na 12 zilitakiwa zizidi.

Injinia_Uchwara
Hizo sasa ndo mtafute mwizi wenu 😂

Dada_Mkuu_Kkoo
Wanaume mnachosha, hakuna hata mmoja aliyetaja mali kauli. Mimi nina duka la vyombo Kariakoo, mchana jirani anakuja mbio ana mteja mlangoni, "dada nipe sufuria seti tano jioni nakuletea hela". Unampa. Hilo halipiti kwenye skana, liko kichwani na kwenye kijikaratasi. Jioni analeta hela ya seti tatu anarudisha moja, moja anasema kesho. Hebu niambieni kipengele gani kwenye hiyo mifumo yenu kinaandika "amechukua Mama Fulani, atarudisha akiuza"? Mifumo mingi niliyoletewa inajua kuuza, kununua na kurudisha, basi. Sisi biashara nusu yake ni kuazimana.

Mzee, una jirani wa hadiwea? Huwa mnapeana mzigo?

Mzee_Hadiwea
Dada hapo umegusa. Kuna jamaa hapo mbele huwa tunaokoana. Ila kijana wangu anasema kila kitu kinaandikwa kwenye daftari la pembeni.

Dada_Mkuu_Kkoo
Kumbe daftari halijaondoka, limehamia pembeni.

fundi_mitandao
Nimesoma uzi wote, niwape upande wa mafundi. Mzee, umeme ukikatika au bando likiisha mnafanyaje? Mifumo mingi ya siku hizi tableti inatunza mauzo yenyewe, mtandao ukirudi inayapeleka kwenye seva. Shida inakuja pale kijana anaona duara linazunguka haliishi, anafunga programu anafungua anaingiza mauzo upya. Mtandao ukirudi yanaenda yote mawili. Seva inajua nondo 20 zimeuzwa kumbe ni 10. Hapo mfumo unashuka kuliko uhalisia na kwenye kuhesabu unaona "zimezidi". Fungua ripoti ya mauzo uangalie risiti mbili zenye vitu vilevile zilizopishana dakika chache.

Mfumo mzuri kila muamala una namba yake ya pekee iliyotengenezwa kwenye tableti yenyewe, ukifika mara mbili seva inautambua inautupa. Muulize jamaa yako kama wake unafanya hivyo. Akianza kukuzungusha, umejibiwa.

Binti_Kaunta
Halafu mlihesabu duka likiwa wazi au mlifunga?

Mzee_Hadiwea
Wazi. Nisingeweza kufunga mwezi huu.

Binti_Kaunta
🙄

Mjuaji_wa_Kona
Hayo yote ni kwa sababu mnatumia teknolojia ya zamani. Bakodi ni ya miaka ya 80 huko. Wenzenu wako kwenye RFID, unabandika tagi kila kitu, unapita na mashine mkononi stoo nzima inahesabika kwa dakika bila kugusa. Mzee weka RFID kwenye nondo uachane na karatasi ya lamineti.

beba_boksi_leicester
Mjuaji, kidogo kidogo. Bakodi ya kwanza kupigwa dukani ilikuwa 26 Juni 1974, supamaketi moja ya mji wa Troy, Ohio, ni pakiti ya Wrigley's ya kutafuna. Na patenti yake ni ya 1952, akina Woodland na Silver.

RFID na nondo haviendi. Zile tagi za bei rahisi hazina betri, zinategemea mawimbi ya mashine kuamka na kujibu, na chuma kinayarudisha mawimbi. Rundo la nondo ni ukuta. Vimiminika navyo vinayameza, kwahiyo na rangi zake kwenye ndoo sahau. Zipo tagi maalum za kukaa juu ya chuma ila bei yake utalia. RFID imetulia kwenye nguo. Inditex wenye Zara na wale Decathlon ndo wameitumia kweli. Walmart mwaka 2003 waliwaambia wasambazaji wao wakubwa 100 waweke tagi kwenye katoni na paleti ifikapo Januari 2005, ikawa ngumu kuliko walivyodhani, wakaja kurudi nayo kwa nguvu miaka ya karibuni wakianzia kwenye nguo.

Mimi nabeba boksi kwenye ghala huku Uingereza, ndo maisha. Skana inavaliwa kidoleni kama pete, kompyuta mkononi. Kinachotusaidia huku ni utaratibu zaidi ya mashine. Kila rafu ina namba yake, unaskani rafu kwanza ndo unaskani mzigo, ukikosea rafu mashine inagoma. Pili, hatusubiri mwisho wa mwaka, kila zamu inapewa rafu chache za kuhesabu. Na hapa Mzee sikiliza, anayehesabu HAONYESHWI idadi ya mfumo. Anahesabu kipofu. Ukimuonyesha mtu "412" atahesabu mpaka 380 achoke aandike 412.

Mzee_Hadiwea
Hii ya kutoonyeshwa nimeipenda. Vijana wangu tableti inawaandikia namba juu kabisa.

kipanga_wa_buza
Beba boksi, huko kidole kikivaa pete na choo unaenda na ruhusa ya mashine?

beba_boksi_leicester
Kasi yako inaonekana kwa msimamizi dakika kwa dakika. Ukisimama sana anakuja kukuuliza kwa upole, ule upole wao. Tuendelee na nondo.

Mjuaji_wa_Kona
Sawa RFID nimekubali, kamera je? Amazon walifungua duka mtu anaingia anachukua anaondoka, kamera zinajua kila kitu.

beba_boksi_leicester
Amazon Go ilifunguliwa Seattle Januari 2018, kweli. Ila 2024 wenyewe wameutoa huo mfumo kwenye maduka yao ya vyakula ya Fresh huko Marekani, wakaweka matoroli yenye skana. Kama wao wamerudi kwenye skana, Tabata tuvumilie tu.

Wa_Luthuli
Wakenya tumefika. Mimi nauza vipuri vya simu Nairobi. Hapa kwetu stoku si siri yako tena, eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi KRA, ikishaingia kila bidhaa unaisajili na msimbo wake, ukiuza ankara inaenda KRA papo hapo. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaongeza kwamba gharama isiyo na ankara ya eTIMS haitambuliki kwenye hesabu ya kodi, kwahivyo hata mnunuzi anakukaba koo akitaka ankara. Shida ni kwamba simu moja ina skrini ya orijino, kopi, kopi ya kopi, zote mwanzoni niliziweka chini ya jina moja. Nilipotenganisha ndio nikaona skrini gani hasa zinapotea. Mzee nondo zako za kiwanda A na kiwanda B ziko chini ya msimbo mmoja?

Mzee_Hadiwea
Msimbo mmoja. 10 mm ni 10 mm.

Injinia_Uchwara
Siyo. Rudi kwenye mizani.

mtu_wa_risiti
Mkenya umesema neno ambalo hapa watu wanalikwepa. Mashine za risiti za kodi, EFD, zilianza 2010 kwa wenye VAT, na toka siku hiyo biashara nyingi zina stoku mbili, ya kwenye mfumo na ya ukweli. Kuna kinachouzwa na risiti na kinachouzwa "bila". Sasa ukisema nondo zimepungua 23, swali la kwanza ni ziliuzwa kwa njia gani. Mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023, ule Waziri Mkuu wa wakati huo Majaliwa alienda kuongea na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, moja ya malalamiko makubwa ilikuwa usajili wa stoo. Stoo ikisomeka inasomeka kwa wote, kwako na kwa wengine. Simtuhumu mleta uzi, nasema tu.

Mzee_Hadiwea
Kaka mimi natoa risiti. Tusipelekane huko.

mtu_wa_risiti
Sijasema kitu mzee 😂 nimesema "nasema tu".

Mkorosho_Newala
Huku kwetu mzigo unapungua hata ukiuwekea kamera ishirini. Korosho inaingia ghalani imepimwa, mkulima anapewa stakabadhi, ikikaa inapoteza maji, ukipima tena kilo hazipo. Tunaita unyaufu. Toka stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho 2007 huu ugomvi haujaisha, mkulima anasema ghala limeiba, ghala linasema jua limechukua, na wote wana hoja, maana unyaufu upo kweli na wanaojificha nyuma ya unyaufu nao wapo. Mizani za kidijitali zimeletwa, sawa, lakini mizani inakwambia uzito wa leo, haikwambii ni maji yametoka au magunia.

Dada_Mkuu_Kkoo
Mkorosho umenikumbusha mchele wa mama mkwe.

famasi_ya_kona
Habari zenu. Mimi famasi. Kwetu idadi ni nusu ya habari, nusu nyingine ni tarehe ya kuisha. Bakodi ya kawaida ya mistari inabeba namba ya bidhaa tu, haijui boksi hili linaisha lini. Ukitaka tarehe na namba ya bachi lazima usome ule mraba wa vidoti vidoti, na skana nyingi za bei chee haziusomi. Mfumo ulikuwa unaniambia nina boksi 60 za dawa moja na ni kweli zilikuwepo, arobaini zimeshaisha muda.

Na friji ya chanjo na insulini ina sensa ya joto, nyuzi 2 mpaka 8, ikizidi inatuma meseji kwenye simu. Siku moja usiku meseji zikamiminika, nikakimbia, nakuta vijana wanahesabu mzigo wa friji mlango wazi, boksi zimepangwa sakafuni, mmoja anasoma mwingine anaandika kwenye tableti.

Binti_Kaunta
Nimecheka kwa sauti kwenye daladala.

Mjuaji_wa_Kona
Swali la pembeni, ni kweli bakodi ikianza na 620 bidhaa imetengenezwa Tanzania? Mimi huwa nachagua hizo kuinua uchumi.

beba_boksi_leicester
Hapana. 620 ina maana kampuni imejisajili GS1 ya Tanzania, wale wanaotoa namba za bakodi, 616 ni Kenya. Mzigo wenyewe unaweza kuwa umetoka popote.

Mjuaji_wa_Kona
Basi nimeinua uchumi wa Guangzhou.

kipanga_wa_buza
Turudi. Mzee, swali ambalo hujaulizwa. Anayekaa kaunta ni nani yako?

Mzee_Hadiwea
Kijana mwaminifu tu, yuko nyumbani.

kipanga_wa_buza
Yuko nyumbani kivipi?

Mzee_Hadiwea
Ni mdogo wake na wife.

Dada_Mkuu_Kkoo
WOIIII

Wa_Luthuli
Ayayaya. Mfumo haujafunzwa kushtaki shemeji.

fundi_mitandao
Na akaunti ya kuingilia mna moja moja au wote mnatumia ile ya "admini" nywila 1234?

Mzee_Hadiwea
Wote moja. Sio 1234 lakini.

kipanga_wa_buza
12345.

fundi_mitandao
Mzee hapo huwezi kumlaumu wala kumtetea shemeji. Kila mtu awe na akaunti yake, na kufuta muamala au kubadilisha idadi ya stoo kuwe kwako peke yako. Halafu waambie wakuwashie kumbukumbu ya mabadiliko, nani amegusa nini saa ngapi. Ukisawazisha stoo sasa hivi kabla ya kuitazama hiyo utakuwa umefuta ushahidi, wa wizi au wa makosa, vyovyote.

Binti_Kaunta
Na mimi namtetea shemeji. Kaunta moja, mafundi kumi na tano, karatasi ya lamineti inang'aa taa inajirudisha kwenye skana, halafu mseme mwizi. Mzee tenganisha bakodi za nondo, 10 weka kushoto kabisa 12 weka upande mwingine wa kaunta, na weka skrini ndogo inayomtazama mteja. Fundi akiona "10 mm" kwenye skrini na yeye ameomba 12 atapiga kelele mwenyewe.

kipanga_wa_buza
Hiyo skrini ya mteja nakubali. Inazuia kosa na inazuia mkono mrefu.

Mzee_Hadiwea
Wakuu nimerudi. Jioni hii nimepima. Vipande kumi vya 10 mm kutoka bando la mzigo wa karibuni, kilo 71 na nusu. Vipande kumi kutoka bando la zamani, kilo 74 kasoro kidogo. Mizani ni ya misumari kwahiyo nimepima viwili viwili nikajumlisha. Za 12 mm zimekuja sawa tu. Daftari la pembeni nimeliomba, lina nondo 12 mm nane kwa jirani bado hazijarudi. Risiti pacha nimekuta mbili, moja ya saruji.

Injinia_Uchwara
Nilisema.

Dada_Mkuu_Kkoo
NILISEMA mimi. Nane ziko kwa jirani.

kipanga_wa_buza
Nane kati ya 23. Kumi na tano zina miguu?

Binti_Kaunta
Na ulipima mabando mangapi ya huo mzigo mpya? Moja tu? Injinia asishangilie.

Mzee_Hadiwea
Moja tu, mengine yako chini ya mabati. Jumapili nafunga duka tunahesabu upya, namba ya mfumo nimewaficha. Shemeji amenuna, wife naye hajanisemesha toka saa kumi na mbili.

mtu_wa_risiti
Kamera nne zote zinaangalia wapi kwani?

Mzee_Hadiwea
Mbili stoo, moja getini, moja kaunta. Ya kaunta inaona mikono ila skrini haionekani.

fundi_mitandao
Linganisha muda. Chukua risiti kubwa za 10 mm, zile za vipande 10 kwenda juu, angalia saa, halafu rudi kwenye kamera ya getini uone kilichopakiwa. Nondo ya 10 na 12 kwa kamera hazitofautiani ila lebo ya bando kwa juu huwa na rangi, inaweza kukusaidia. Kamera yako inatunza siku ngapi?

Mzee_Hadiwea
Ngoja nimuulize jamaa wa mfumo.

famasi_ya_kona
Wakati tunamsubiri mzee, nani anajua printa ya lebo ambazo hazifutiki? Zangu baada ya miezi michache zinakuwa nyeupe, skana haioni kitu.

beba_boksi_leicester
Unatumia zile za kuchoma kwa joto moja kwa moja, joto na mwanga vinazimaliza. Tafuta printa inayotumia riboni. Na lebo za friji nunua zenye gundi ya baridi, za kawaida zitabanduka.

famasi_ya_kona
Asante. Riboni ya nta au ya resini?

beba_boksi_leicester
Boksi la karatasi nta inatosha. Chupa za plastiki weka resini.